Nani Atamlimia Kwamboka?

Ekerenyo,
Machi 1968

Kaka Mwakio,

Salamu kutoka kwenye baridi na matope. Miguu ya mama imepungua kuvimba? Mimi ni mzima na shule inaendelea, ila nina jambo limenikaa kooni, na wewe ni mzee wa kanisa huko Taita.

Jirani yangu Kwamboka ni mjane mwenye watoto wanne na shamba la wimbi. Huku asiye na watu wa kumsaidia hupika pombe, akaita majirani. Wanamlimia asubuhi, wanakunywa mchana. Kulimiana huko huitwa risaga. Kanisa limeikataza, lakini Kwamboka akapika. Kabla majirani hawajaja kulima, wazee wakamsimamisha mbele yetu baada ya ibada, wakatangaza kwamba ametengwa na meza ya Bwana.

Nilidhani atalia. Akamwuliza aliyesoma tangazo, bila kupaza sauti: "Baba, nilikuja kwako mara mbili kuomba watu wa kunilimia. Ukasema utaniombea. Mvua imeanza. Sasa nipande maombi?"

Kaka, nilipigwa na butwaa. Wazee hawakunishangaza, nimegombana nao tangu nifike. Lakini aliyehubiri risaga ikatazwe ni mimi. Nilisoma vitabu vyangu, nikatoa hoja, nikawashinda wote waliobisha. Tuliondoa pombe, na walimaji wakaondoka nayo. Hata mimi, msomi, sikuuliza wajane watalimiwa na nani.

Nikasema palepale kwamba kesho yake nitakuwa shambani kwa Kwamboka, na kila aliyekubali tangazo aje na jembe. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, utalima kwa chaki?" Watu wakacheka. Tulikuja tisa, saba kati yetu wanawake. Tulilima siku tatu kwa uji mtupu, na mbegu zimeingia ardhini. Kwamboka bado ametengwa. Siku ya ibada hukaa nje, nami nakaa naye.

Uliandika kwamba kanisa lenu nalo linataka kukataza pombe za kulimiana. Katazeni, sina ugomvi. Lakini kabla hamjasoma tangazo, andikeni chini yake majina ya watakaoshika jembe, na lako liwe la kwanza. Kama hakuna majina, lichaneni.

Nisalimie shemeji, mama, na mjomba fundi viatu.

Ni mimi mdogo wako, ninayeandika kwa mikono yenye malengelenge,

Mwalimu Mwadime