Zulfa Bado Yuko Leba

Mdogo wangu Skola,

Sisi hatujambo, ila upepo wa mwaka huu umetushikia kiboko, mpaka Mama anavaa sweta mbili na bado analalamika. Simu yako nimeipiga hadi yule mwanamke anayesema "haipatikani kwa sasa" nimekuwa namwitikia. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Hii barua nampa konda wa basi la Namanyere, na nimeshamwambia akiisahau kwenye buti asikanyage tena kwenye meza yangu ya maharage.

Unakumbuka ule mchezo wa redio tuliokuwa tunausikiliza huku tunapukuchua mahindi? Siku ulipoisha, mawifi walikuwa wamemfukuza Zulfa kule Tanga, akapanda basi na mfuko wake mmoja, muziki ukapigwa, mtangazaji akasema mwisho. Mama alirusha gunzi likagonga redio. "Mwisho gani huo? Mtu yuko barabarani! Anakwenda wapi?" Wewe bila hata kuinua kichwa ukamjibu, "Anakuja huku, Mama." Tukacheka, tukajua unatania.

Kumbe hukuwa unatania. Ukaanza kumwandika kwenye simu na kumtuma kwenye lile kundi la simulizi la WhatsApp. Ukamshusha Zulfa stendi ya Sumbawanga na kandambili na dera jepesi, akamuuliza bodaboda ni nani kaacha friji wazi. Watu walicheka! Mimi nikakupigia simu kukugombeza, maana ndiyo kazi yangu. Nikakwambia Zulfa ni mtu wa pwani, hawezi kuinua matuta asubuhi nzima na asiseme kitu. "Haya dada, nitamfanya alalamike." Kesho yake akalalamika aya nne mfululizo, kuhusu jembe, kuhusu ugali wa ulezi, kuhusu wanaume wa Ufipa wanaoongea kidogo, na kila neno lilikuwa lake. Hapo nilikuvulia kofia, ingawa sikukwambia.

Mama macho yake unayajua, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namsomea. Alipozidiwa na huruma akamtaja kwenye sala ya jumuiya. Mwenyekiti alipouliza nani ana nia ya kuombea, Mama akasimama: "Tumwombee Zulfa, hana ndugu huku, na sasa ana homa." Wakaomba wote. Jumatatu Mama Deo akabisha hodi na mayai kwenye kitenge, kaja kumwona mgonjwa. Nilijificha jikoni. Mama akayapokea, akasema mgonjwa kapata nafuu, anamshukuru sana. Nilipokusimulia ulicheka mpaka mumeo akakunyang'anya simu akidhani unalia. Yale mayai tulikaanga.

Kisha ukapata ujauzito, na Zulfa naye ukampa. Wasomaji hawakujua, sisi tulijua. Miguu ya Zulfa ikivimba, Mama ananiambia mpigie mwenzio umuulize miguu. Zulfa akitamani udongo, Mama anacheka peke yake. Akasaga ulezi wa uji wa uzazi, ndoo nzima, akaifunika. Sehemu ya mwisho uliyotuma Zulfa kaingia leba, kamng'ang'ania nesi mkono, nesi anamwambia, "Mama, niachie basi, huo mkono nina kazi nao." Ukaandika: itaendelea.

Baada ya hapo ukaingia leba wewe.

Ya siku ile siyaandiki, unayajua kuliko mimi. Mtoto alizaliwa hana uhai. Tulipofika ulikuwa umegeukia ukutani, na nilikushika mgongo kwa sababu sikujua pengine pa kukushika. Ulisema jambo moja tu: "Dada, jina langu lisitajwe. Kwenye kundi, sokoni, hata kanisani. Sitaki watu wanihurumie." Nikasema sawa. Mama naye akasema sawa.

Nimetunza neno, Skola, lakini ninaumia. Kule kundini ni vita. "Mwandishi, muendelezo." "Mwandishi, tumekosa nini?" "Kama umeshindwa sema, tusikae roho juu." Mwingine kasema waandishi wa bure ndivyo walivyo, wanakupandisha mtini wanaondoka na ngazi. Na siwezi kumlaumu, maana mimi mwenyewe nimesoma hadithi ngapi zilizokatikia njiani? Kuna bibi harusi mmoja hadi leo kasimama mlangoni pa kanisa na shela lake. Msomaji hana pa kushitaki. Hukulipa, huna risiti, unabaki na kiu yako. Nataka niwaambie nyamazeni, mwenzenu kafiwa. Naandika, nafuta. Naandika tena, nafuta.

Ulipokaa kimya wengine wakamchukua Zulfa. Kaka mmoja kajiingiza mwenyewe kwenye hadithi, eti daktari mrefu mwenye gari jeupe, na jina lake vile vile, hata aibu hana. Zulfa kumwona tu kasahau uchungu! Dada mwingine kaandika kwamba yote ilikuwa ndoto, Zulfa kaamka yuko Tanga kwa mawifi. Kuna mwingine hajui nukta, nilimsoma mpaka pumzi ikakata, Mama akauliza, "Huyu anakimbizwa na nani?" Wote namsomea. Anasikiliza kwa adabu kabisa, halafu anasema, "Huyo siye. Mtafute Zulfa." Anadhani yuko mahali humo kwenye simu, ni mimi tu sijabonyeza panapotakiwa.

Basi nikajaribu mimi. Usinicheke. Zulfa wangu akafungua mdomo, akaongea kama mtu anayegombania bei ya maharage. Nikavumilia, nikaendelea, nikafika pale mtoto anapotoka. Sasa, alie au asilie? Akilia, nimekutonesha kidonda wewe uliyerudi nyumbani mikono mitupu. Asipolia, nimemuua mtoto kwa kidole changu. Nilikaa pale na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe. Nimeacha. Mimi na dunia nzima hatuwezi kumtoa Zulfa leba, na ninaogopa hata wewe huwezi.

Lakini nilichokusudia kukuandikia ni cha Mama. Kila Jumamosi kwenye jumuiya bado anasimama. "Tumwombee Zulfa, bado yuko leba." Mwanzoni watu waliitikia. Sasa wanaangaliana. Wiki iliyopita Mama Deo kanivuta kando: "Dada, samahani, leba gani hiyo ya miezi? Mama yuko sawa kweli?" Uso ulinishuka. Tulipotoka, njiani nikamwambia kwa hasira, Mama unatuaibisha, watu wanadhani umechanganyikiwa, Zulfa hayupo! Ni mtu wa redio!

Akasimama. Unajua anavyosimama, hata pikipiki inamkwepa yeye. Akakaza khanga kichwani, akaniambia polepole, "We mtoto, unadhani mimi sijui kwamba hayupo? Mwenzio kasema jina lake lisitajwe. Nami nilisema sawa. Sasa unataka nilie kwa jina la nani?"

Tulitembea mpaka nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Kwa hiyo nakueleza ujue. Nyumba nzima ya watu, na Mama Deo, na mwenyekiti na miwani yake iliyofungwa uzi, wamekuwa wakisema "Ee Bwana, twakuomba utusikie" kwa ajili yako, na hawajui. Mama anarudi kutoka jumuiya akiwa amechoka. Anakaa karibu na ile ndoo ya unga, hataki iguswe, hataki iondolewe, na mimi sijui nimsaidieje. Nikikutaja nakusaliti wewe. Nisipokutaja namwacha yeye aonekane kichaa mbele ya majirani aliozeeka nao. Nimegeuza hili jambo kila upande, Skola, halina mpini.

Muendelezo sikuombi. Wale wa kundini wakae hivyo hivyo, watazoea, au hawatazoea, shauri yao. Simu usipoweza kuiwasha usiiwashe. Nakuomba ruhusa tu. Jumamosi hii jumuiya inasali kwetu, na Mama atasimama kama kawaida yake. Konda atakungoja kidogo akikupa hii. Mwambie ndiyo, hilo tu, ataniletea. Mama amtaje mwanawe kwa jina lake mara moja, alie kama wanavyolia wenzake.

Na kama bado huwezi, mwambie konda hapana. Sitakasirika. Jumamosi nitasimama pembeni ya Mama, nami nitamwombea Zulfa kwa sauti, tuonekane wote wawili tumechanganyikiwa.

Ni mimi dada yako, nisiyejua la kufanya.