Namba ya Ugonjwa wa Deusi

Mama,

Shikamoo. Wiki hii nimeogopa sana, na sina mwingine wa kumwambia.

Tangu ulipotuacha nimepata kazi Biharamulo, hospitalini, chumba cha kumbukumbu. Faili la mgonjwa likija, nasoma alichoandika daktari, kisha naupa ugonjwa namba yake, ile inayotumika dunia nzima. Ungecheka. Mimi niliyekuwa nakuchanganyia maharage ya mbegu na ya kula!

Jumanne likaja faili la jiwe la figo. Huwa naanza na ugonjwa, jina baadaye. Mwanaume, mkulima, kijiji cha Mbuba. Deusi. Deusi wetu, mwanao, Mama.

Alikuja kwa pikipiki bila hata kunipigia simu. Nilimkuta wodini amejikunja, anatetemeka kwa homa. "Ni mgongo tu, dada. Ni jembe." Maneno yako yale yale, kabla ugonjwa huu haujakuchukua. Uliyasema umeegemea ukuta wa jiko, ukacheka kidogo, ukaomba maji ya moto.

Nikarudi kwenye kompyuta. Jiwe peke yake lina namba yake, N20, na moyo wangu uliitaka hiyo. Lakini daktari alikuwa ameandika yote: jiwe limeziba mrija, mkojo umerudi nyuma, figo imevimba na kuingia usaha. Hayo yakikutana, namba ni N13.6. Nilijua maana yake. Sikutaka kuiandika. Mama, sikutaka kabisa. Nikaiandika huku nalia, maana gari la kumpeleka Mwanza lilikuwa linasubiri karatasi za rufaa.

Huko wakamwekea mpira wa kutoa usaha. Jana alipiga simu, sauti nyembamba: "Dada, homa imeshuka. Jiwe bado lipo, watalitoa nikipata nguvu." Nilikaa chini palepale koridoni.

Sasa hofu imehamia kwangu. Ubavu wangu wa kushoto unachoma, unaacha, unachoma tena. Sijamwambia mtu. Nasoma mafaili ya watu huku najipapasa.

Pumzika, Mama, utuombee. Usitungoje mapema. Nakuahidi, Jumatatu nitaingia chumba cha ultrasaundi kama mgonjwa, hata kama naogopa. Na namba yoyote nitakayopewa, mwenzangu wa chumba cha kumbukumbu ataiandika.

Mwanao,
Adelina