Nusu ya Pili Kwanza

Mumbai, 3 Februari

Baba mpendwa,

Nakugusa miguu kwa heshima, japo kwa mbali, hasa lile goti bovu. Linasemaje na baridi ya Sitamarhi? Mimi mzima kama ng'ombe wa hekalu. Simu zangu hupokei, basi soma.

Ijumaa filamu yangu inaingia kwenye ukumbi wako wa sinema. Ndiyo, yangu! Yule mbumbumbu aliyekimbia darasa la nane ndiye aliyeitunga. Kabla ya mapumziko mke na mume wanaachana mahakamani. Baada ya mapumziko ndipo tunaona walivyokutana. Hakuna kucheza kwenye theluji, hakuna baba mkwe mwenye bunduki. Ulisema watu wakiirushia kandambili nitarudi kukata tiketi mlangoni. Sawa. Hawatarusha.

Mwanao,
Banke

Sitamarhi, 12 Februari

Banke mwanangu,

Baraka unazo. Goti linauma, mdomo wako unauma zaidi. Mama yako hajambo.

Hakuna aliyerusha kitu. Nishukuru mimi. Nani anaanza mapenzi kwa talaka? Nikaonyesha nusu ya pili kwanza, kisha ile ya kwanza. Watu wamekula sambusa, wamepiga makofi mawili matatu, wameenda zao. Nimekuokoa.

Baba yako

Mumbai, 19 Februari

Baba,

Goti pole, lakini leo mimi sipigi magoti. Umeniokoa? Umenichinja! Makofi hayo ni ya filamu yako. Yangu Sitamarhi haijaiona. Ionyeshe nilivyoipanga, mara moja tu, mama akiwemo. Ikiruka hata kandambili moja, nakuja na begi langu na mlangoni nitazeekea. Au unaogopa? Wewe uliyewatuliza watu umeme ulipokatika katikati ya filamu, shujaa hajafufuka?

Mwanao mbumbumbu

Sitamarhi, 11 Machi

Banke,

Nimechelewa kujibu kwa sababu uliniudhi. Tuko wazima.

Nimeonyesha ulivyotaka. Mapumziko yalipofika wakanizonga: "Jagdeo, wameshaachana, tunarudi kutazama nini?" Mzee Harkhu, kinyozi wetu, akavua kandambili kabisa, akaishika.

Ikaja nusu ya pili, pale stesheni wanapokutana. Msichana anammwagia kijana chai, wanacheka. Ukumbini hakuna anayecheka, maana sisi tunajua wataachana na wao hawajui. Wao wanacheka, mama yako analia. Taa zikawaka, Harkhu akaniuliza, "Hatuwezi kuwaacha hapo hapo stesheni?" Akaenda nyumbani mguu mmoja mtupu, kandambili bado mkononi.

Kazi ya tiketi nimempa binamu yako Pintu. Huku njoo kututembelea tu.

Baba yako