Nyekundu ya Bi Zuhura

Jumatatu, 2 Machi 1998
Kompyuta za kisiwa hiki zikisikia napanda ngazi hujiwasha zenyewe. Shule niliiacha kidato cha pili, ilikuwa ikinichelewesha. Bado naandika draiva, programu ya kuiongoza ile printa kuukuu aliyoinunua ami Swaleh, mwenye duka, huko Shimanzi. Imebaki kuchagua moduli, ile sehemu ya programu ya kupanga rangi. Ziko mbili. Moja nyepesi, mbio. Nyingine nzito, disketi tatu, lakini yakubali kufundishwa jedwali la rangi. Bi Zuhura muuza leso ataka sampuli ya karatasi aipeleke kiwandani. Ameikata doti, kipande kimoja kaniachia nikifuatize. Nyekundu ikikosea, ami auza printa. Mimi narudi kubeba magunia.

Jumanne, 3 Machi
Nimechukua nyepesi. Karatasi dakika moja. Nyekundu imetoka chungwa. Ami kauliza, "Bwana fundi, nyanya hii imelala juani?" Nimeudhika. Moduli nimeifuta.

Jumatano, 4 Machi
Nzito. Dakika tisa kwa karatasi, printa yakohoa. Jedwali nimelipanga kwa kuitazama leso, rangi moja moja. Karatasi na leso, mapacha. Mtaa mzima wa Kibokoni uje unibusu mkono.

Alhamisi, 5 Machi
Bi Zuhura hata hakukaa. Alitoka na karatasi barazani, kwenye mwanga, akaiweka juu ya kipande chake cha doti ile ile.
"Mwanangu, hii imechujuka."
"Labda ni macho, Bi Zuhura."
"Macho haya yachagua leso tangu babako hajaota ndevu."
Ami akailaumu moduli. Nikaitikia. Nikaitukana pia. Bi Zuhura kaniachia kipande chake. Mwisho Jumamosi.

Ijumaa, 6 Machi
Tangu kutoka msikitini sijainuka. Moduli ile ile nzito, jedwali jipya, kipande kipya. Ami adhani nimeibadilisha. Nimemwacha adhani hivyo. Naogopa. Lakini nyekundu yaja, naiona.

Jumamosi, 7 Machi
Karatasi juu ya leso, barazani. Bi Zuhura kainama, katazama pembe zote. "Haya. Nichapie sita."
Ami ameishonea printa kifuniko. Hauzi. Nimefurahi hata kuringa nimesahau.
Moduli nzito haikukosea hata siku moja. Jumatatu nilikimwagia chai kipande cha kwanza. Nikakifua kwa sabuni ya mche, nikakianika juani, nikakipiga pasi, sikumwambia mtu. Kikachujuka. Nami nikaifundisha printa rangi iliyofuliwa.