Tumbaku ya Kopo Jekundu

Kwako Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na wifi yangu na hao mapacha wetu, na kwamba angalau sasa mmoja wao anakubali kulala wakati mwenzake amelala. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo, mgongo umetulia. Mwanao naye hajambo, anakula kama mtu anayelipwa kwa kula. Mimi ndiye niliyeugua kidogo Jumanne iliyopita, lakini ugonjwa wenyewe niliutafuta kwa mikono yangu, na ndio sababu ya barua hii.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, siku hizi simu yako inaongea kwa kipaza sauti kwa kuwa mikono yako yote miwili imebeba watoto, na huku Baba akisikia sauti yako tu anaacha kazi na kuja kusimama nyuma yangu. Jambo nililonalo nikilisema hivyo nitakuwa nimemwaga mtama penye kuku wengi. Tafadhali isome peke yako, hata kama itabidi ujifungie chumbani.

Ulipoondoka uliniachia ufunguo wa stoo, masharti ya ile sufuria yako ambayo haisuguliwi, na tumbaku ya Baba. Ulisema safari hii kopo limeshindiliwa, litatosha miezi miwili, na likiisha utakuwa umesharudi. Tulitegemea mtoto mmoja, Mungu akaleta wawili, na miezi miwili ikawa minne. Unajua Baba anavyojibana akiona kitu kinaelekea kuisha, lakini hata kujibana kuna mwisho. Wiki tatu zilizopita nilifungua kopo nikakuta vumbi tu.

Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilichukua kopo lenyewe, lile jekundu lenye picha ya farasi, nikaenda nalo kwa Mama Chafya, yule muuza tumbaku wa karibu na posta, nikitaka anipe jingine kama lile. Alilitazama, akapiga chafya zake mbili, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akaniambia kiwanda kilichotengeneza tumbaku ile kilifungwa miaka tisa iliyopita. Nikamwambia haiwezekani, baba mkwe wangu ameivuta jana. Akasema anachovuta baba mkwe wangu ni kazi ya mikono ya mama mkwe wangu, ambaye kila mwezi hununua kwake tumbaku za aina tatu na kwenda kuzichanganya mwenyewe. Nikamuuliza vipimo. Akasema siri ya mtungi aijuaye kata, yeye hajui, na wewe hujawahi kumwambia.

Mama, nilitoka pale nimelificha kopo ndani ya khanga. Baba huyu huyu anayemwambia kila mteja anayeleta mizani kwamba kwa miaka arobaini ana mke mmoja na tumbaku moja! Nikajiona mimi, niliyeingia nyumba hii mwaka jana tu, mliyenibandika jina la Kasuku kabla hata sijafungua masanduku, ndiye nitakayeitoboa siri uliyoitunza miaka tisa. Baba akigundua, atajiona alikuwa anachezewa kama mtoto. Nawe ukisikia amegundua, utasema nilishindwa kazi ndogo kama kujaza kopo. Siku hiyo nilishona mkono wa blauzi ya mteja nje ndani.

Nikajikaza kisabuni. Nilirudi kwa Mama Chafya nikanunua zile tumbaku tatu, ile nyeusi nzito, ile ya kahawia, na ile ya manjano yenye utamu. Baba nilimdanganya kwamba dukani wanasubiri mzigo. Akasema hana haraka, kisha kwa siku kadhaa akamkosoa kila mtu ndani ya nyumba, hata msomaji wa taarifa ya habari redioni.

Jumanne Baba alipokwenda kwa waoka mikate kutengeneza mizani yao, nilichukua kile kiko chake cha zamani chenye ufa, nikakaa nyuma ya nyumba karibu na kamba za nguo, nikawasha. Mimi maishani mwangu sijawahi kuvuta chochote isipokuwa moshi wa jiko. Hakuna aliyeniambia kwamba moshi wa kiko huishia mdomoni. Mimi niliuvuta wote mpaka kwenye vidole vya miguu. Shuka zilizokuwa kwenye kamba zikaanza kuzunguka, nikakohoa hadi jirani yetu mwalimu akanimwagia ndoo ya maji kutoka juu ya ukuta, akidhani tunaungua. Mwanao nilimwambia nimekula kitu kibaya.

Lakini sikukata tamaa. Siku iliyofuata nilijaribu tena, safari hii polepole, na ule mchanganyiko wa tatu, Mama, nisiwe mnafiki, niliufurahia. Ulianza kwa ukali kidogo puani, halafu ukalainika. Ila nilipolinusa kopo lako tupu nikajua kuna kitu kimepungua, harufu ya chungwa. Hapo ndipo nilipoukumbuka ule mtungi mdogo wa maganda makavu nyuma ya sukari. Niliutupa wiki uliyoondoka, nikifanya usafi ili ukirudi unisifu. Nisamehe sana. Nilikausha maganda mapya dirishani siku mbili nzima, nikayakatakata, nikatia ya kutosha, nikaongeza na mengine.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikampelekea Baba kopo kule karakana. Nilijifanya natafuta kifungo sakafuni ili nipate kuona. Alijaza kiko, akashindilia kwa dole gumba, akawasha, kikazimika, akawasha tena. Alivuta akiitazama barabara. Alivuta mpaka mwisho, akakung'uta majivu. Mimi kule chini ya meza nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu. Ndipo akasema, wala hakugeuka:

"Mwanangu, chungwa limezidi."

Mama, nilijigonga kichwa kwenye meza. Baba akaniambia nitoke huko chini, nikae kwenye kigoda cha wateja. Akaniambia amejua tangu kiko cha kwanza, miaka tisa iliyopita. Anasema kile cha kwanza kilikuwa kibaya mno, kilimchoma ulimi, akadhani kiwandani wamepatwa na wazimu. Kesho yake akakuta nyuzi za tumbaku kwenye sahani ya ile mizani yake ndogo ya kupimia dawa, akaelewa kiwanda kiko wapi. Ulikuwa mwaka ule ambao maduka yalihamia mizani ya umeme, na wateja wake wakawa wanaondoka mmoja mmoja. Anasema alikaa pale pale akalia kidogo, wala si kwa sababu ya tumbaku.

"Niliona kuna mtu amekataa nipoteze na hiki," akaniambia.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi anaisafisha mizani ile, anaisawazisha mpaka unywele mmoja unaweza kuiinamisha, anaiacha mezani na mawe yake yote, kisha anakwenda kuoga. Kumbe ndiyo maana siku hizo anaoga mpaka tunamgongea mlango! Anakupa nafasi, Mama. Anasema kuna siku alijipaka sabuni mara tatu kwa kuwa alikuwa bado anasikia unapima. Na wewe ukitoka hapo unamgombeza kwamba ameacha vyombo vya kazi ovyo, naye anakuomba radhi.

Aliniapisha nisikwambie. Niliapa, tena kwa mkono juu. Sasa nimekwambia, na toba yangu ndiyo hii. Nimeshindwa kunyamaza, na si kwa sababu ya ukasuku. Sikuona haki wewe ubebe hofu ya kugunduliwa miaka tisa, wakati unayemficha ndiye anayekushikia mlango. Nakuomba kitu kimoja tu, ukirudi usionyeshe kwamba unajua. Mgombeze kama kawaida. Atashtuka sana usipomgombeza.

Kuhusu mchanganyiko wangu, aliusifu kwa adabu. Alisema nina mkono mzuri na nikipewa muda nitafika mbali. Kisha akalifunika kopo, na leo ni siku ya tano hajaligusa.

Nibusie mapacha, kila mmoja mashavu yote mawili wasije wakagombana. Wifi mwambie ale, apumzike, na nguo zake mbili nimeshazimaliza. Mwanao anakusalimu kwa mdomo uliojaa. Baba yuko hapa mlangoni, anadhani nakuandikia habari za mapazia, naye anakusalimu sana. Anasema usiharakishe kwa ajili yake, ulee wajukuu taratibu, yeye hana shida yoyote. Ilibidi nimwombe arudie, maana alikuwa na kiko kitupu mdomoni na sikumsikia vizuri.

Ni mimi mkaza mwana wako akupendaye,

Kasuku