Kifuko cha Tangawizi

Chumbageni, Tanga
12 Mei 1956

Bwana Mbarouk, huko Wete,

Salamu, na pole na bahari. Sisi wazima. Mwanao ameanza chuo cha Kurani, na paa la jikoni linavuja.

Mwaka wa pili huu unaniandikia kwamba ukipanda stima unatapika hata nyongo, ndiyo maana huji. Mpemba, mtoto wa wavuvi, ashindwe na bahari! Nikakuamini, mjinga mimi. Nikakutumia tangawizi katika kifuko nilichokishona kwa pindo la kanga yangu ya harusi, nikakwambia ukae katikati ya stima, utazame mbali, wala usipande na njaa.

Basi jirani yangu mpya Lea, asiyekujua, alikwenda Unguja na mumewe kutembea. Njiani akatapika sana. Bwana mmoja aliyepandia Pemba akamwambia, "Dada, kaa hapa katikati, utazame mbali. Na tafuna tangawizi hii, mimi sina haja nayo." Mwenyewe alikuwa anakula sambusa, huku anamlisha mke wake kijana. Lea amerudi anamsifu bwana huyo kwa huruma zake, akanionyesha na kifuko alichopewa.

Pindo langu nalijua, Mbarouk.

Kuoa ungeoa tu, sheria yakuruhusu. Lakini kuisingizia bahari!

Sasa usijisumbue kuja. Andika talaka yangu, uitie kwenye stima ya Jumatano. Karatasi haitapiki.

Mimi,
Mwatum binti Shaame