Mshono wa Kwapani

Jumapili, 2 Juni

Limetangazwa leo, katikati ya tangazo la choo kilichoziba na la mazoezi ya kwaya. Mama mkwe wangu atabarikiwa kuwa mchungaji tarehe kumi na sita. Mwanamke wa kwanza katika kanisa letu. Nusu ya watu wakapiga makofi, nusu wakakohoa. Mimi nilifanya vyote viwili, maana kulia kwangu alikaa mke wangu na kushoto Msumari.

Msumari ni mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu. Anaitwa hivyo kwa sababu akishaingia hatoki. Mkutano mkuu wa dayosisi ulipopitisha wanawake wawe wachungaji, yeye alitoka nje na kofia yake, akarudi baadaye kuchukua mwavuli. Na mimi ni mzee wa kanisa, niko kundi lake, la wanaotaka mambo yabaki yalivyo. Naamini hivyo. Nafikiri naamini. Nimezoea kuona suruali chini ya joho, basi.

Jumanne, 4 Juni

Mama mkwe kaja kibandani kwangu. Eti mwanangu, joho langu utalishona wewe, fundi yuko nyumbani nitafute wa nje wa nini? Nikasema sawa mama, kabla akili haijanifikia.

Halafu kupima. Mimi nimzungushie mama mkwe futi kifuani? Ardhi ipasuke kwanza. Nikageukia ukuta, mke wangu akapima, huku akinisomea namba kwa sauti ya mnadani. Mteja mmoja aliyefuata suruali yake akauliza fundi amekosa nini mpaka kasimamishwa ukutani.

Mama alicheka. Kisha akasema, taratibu tu, kwamba muda wote aliokuwa mwinjilisti amezika wazazi wa hao hao wanaompinga, mchungaji akiwa safarini, na hakuna aliyemwambia anyamaze pale kaburini. Hata mama yake Msumari ni yeye aliyemzika, mvua inanyesha, viatu vimebaki matopeni. Nilikuwa natazama ukuta. Unahitaji rangi.

Alhamisi, 6 Juni

Kikao sebuleni kwa Msumari. Wengine wanataka tujitenge, kama kanisa la mtaa wa pili. Kule sasa wana ibada mbili kwenye jengo moja, wametenganishwa na mbao nyembamba, kila upande unaimba kwa hasira kuushinda mwingine. Msumari hataki hivyo. Anataka ishara.

Akauliza, joho anashona nani? Wote wakanigeukia. Basi, akasema, mwisho wa ibada mchungaji mpya huinua mikono kutoa baraka. Mshono wa kwapani ukiachia hapo, watu watajionea wenyewe Mungu kasemaje. "Hutasema uongo wowote, Fundi. Utapunguza uzi tu."

Nilipaswa kumuuliza kama Mungu siku hizi anategemea sindano yangu. Jibu zuri sana. Lilinijia njiani, nimeshalipita duka la dawa. Pale sebuleni nilichosema ni, "Kwapa lipi?"

Yote mawili, akasema.

Jumanne, 11 Juni

Nimelimaliza. Kola imekaa, pindo limenyooka, mgongo unashuka vizuri. Kwapani nimeshikiza tu, uzi wa kuvuta kwa kidole ukatoka. Sijawahi kutoa kazi ya namna hii, hata kwa yule jirani anayelipa kwa ahadi. Nikajiambia ni kwa ajili ya imani. Imani ikanyamaza. Nikalikunja joho nikaliweka juu ya kabati, nisiliangalie.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwambia mke wangu. Sikukusudia. Tulikuwa tunakula, tunazungumzia bomba linalovuja, ulimi ukateleza. Mimi na siri ni maji na pakacha.

Akaweka kijiko chini. Afadhali angefoka. Akasema mama yake akiaibika mbele za watu, mimi nitalala juu ya meza ya kukatia nguo, na mkasi atakuwa nao yeye. Nikajitetea kuwa ni mpango wa kundi.

"Kundi halina sindano," akasema. Kisha akalia, na hapo ndipo nilipojiona mjinga kamili. Nampenda huyu mama yake. Wakati naposa, ndugu zao wote walinikataa, yeye peke yake akasema huyu kijana ana mikono safi.

Jumamosi, 15 Juni

Tangu alfajiri niko kwenye cherehani. Nimefumua ule upuuzi, nikashona upya. Sikuridhika, nikapitisha mara ya pili. Nikamkumbuka Msumari, nikapitisha ya tatu. Nikaongeza bitana. Samsoni mwenyewe hauachanishi mshono huu.

Mama yuko kwenye mafungo na askofu, hatarudi mpaka kesho asubuhi, kwa hiyo hakuna kujaribisha. Si kitu. Fundi anajua kazi yake.

Jumapili, 16 Juni

Naandika nikiwa kiti cha mbele, ibada inaendelea. Watu wanadhani nanukuu mahubiri. Mke wa Msumari kanitazama kwa heshima, mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Fundi anajua kazi yake! Asubuhi, chumba cha kuvalia nyuma ya madhabahu, mama kavaa joho. Kapendeza mpaka mke wangu kafuta machozi. Mama akasema ngoja nijaribu kuinua mikono. Ikafika usawa wa mabega, ikagoma. Akajaribu tena. Kila nilipopitisha uzi nilisogea ndani kidogo, nikala kitambaa mpaka kwapa likawa tundu la panya.

"Mwanangu," akasema, "kwa joho hili nitabariki watoto tu. Wakubwa siwafikii."

Kengele ikagongwa. Cherehani na sindano viko nyumbani. Nikaomba wembe, nikafumua makwapa yote mawili, mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Mlango ukafunguka kidogo. Msumari. Kaona wembe, kaona kwapa, akaitikia kwa kichwa kama anayemkubali mwanafunzi aliyefaulu, akafunga mlango.

Hapo nikapiga magoti nikamweleza mama yote, pini mdomoni. Nikafikiri atanifukuza. Akauliza tu nina pini ngapi. Nne. Akasema bandika. Nikamwambia hazitavumilia, mikono ikipanda zitatoka.

"Najua. Kwa hiyo utakaa mbele. Zikitoka, utasimama uwaambie ni kazi ya nani, na nani aliyekuagiza. Mimi nitangoja." Akanishika kichwani. "Nimekuombea tangu siku ile uliyokuja kuposa. Naona bado kuna kazi."

Basi niko hapa. Kabarikiwa. Askofu na wachungaji wamemwekea mikono, wala hakuna aliyepinga. Msumari kaketi kiti cha tatu kutoka kwangu, kakunja mikono, macho kwenye kwapa la mama mkwe wangu. Nikisimama, kundi ndiyo basi tena. Salamu zao, kiti changu cha mzee wa kanisa, hata sare za kwaya ya wanaume nilizoahidiwa kushona. Nikikaa, nitakuwa na hivyo vyote. Na meza ya kukatia. Hapana, si meza. Mama atanisamehe, ndilo linalonitisha.

Wimbo wa mwisho. Mke wangu yuko kwenye kwaya, anaimba huku ananitazama. Nimefanya mazoezi kimoyomoyo: ni mimi niliyeshona, ni mimi niliyefumua. Jina la Msumari linanishinda kutamka hata kimoyomoyo.

Ubeti umekwisha. Mama kageuka, anatutazama. Anainua mikono. Pini ya kwanza imedondoka, nimeisikia sakafuni. Ya pili. Kwapa la kulia limeachia, gauni lake la bluu linaonekana. Mtu nyuma kaguna. Msumari ameshika ukingo wa kiti chake, anataka kuinuka atangaze ishara yake.

Nimesimama kabla yake. Naandika nimesimama, kama mwendawazimu, kanisa zima linatazama kalamu yangu. Mama hajaanza kubariki. Mikono yake iko juu, makwapa yote yako wazi, anangoja kama alivyosema. Nafunga daftari.